Ugonjwa Aliougundua Profesa Mwansa

Lubumbashi nzima haikuwa na daktari aliyependa sauti yake mwenyewe kama Profesa Alexis Mwansa. Asubuhi alisikika redioni, Jumapili alisikika kanisani baada ya matangazo ya ndoa, na siku nyingine alisikika katika kliniki yake ya Bel-Air, ambako alikuwa amebandika kibao cha shaba chenye maneno: Kituo cha Tiba ya Uhakika. Docteur Edith Lombe alipokiona kibao hicho mara ya kwanza alicheka hata dereva wa teksi akamwuliza amepata habari gani njema.

Edith alikuwa daktari wa kusoma nyama. Hakuandika dawa wala hakushika kisu cha upasuaji. Alichukua kipande kilichotolewa mwilini mwa mtu, akakigandisha ndani ya nta, akakikata kikawa chembamba kuliko ganda la kitunguu, akakitazama chini ya hadubini na kusema ni kitu gani. Maabara yake ilikuwa katikati ya mji, juu ya duka la vitenge. Alikuwa mrefu, mkavu wa maneno, na dharau kwake ilikuwa kama chumvi: bila hiyo siku haikushuka kooni.

Zamani Mwansa alimletea vipande vyote. Halafu akaagiza dawa za rangi kutoka Ulaya, akaanza kumletea vile vidogo tu vya sindano, ili Edith amwambie kama ni saratani au siyo. Swali kubwa akajiwekea mwenyewe: saratani hii ya ziwa ina vipokezi vya homoni, au haina? Hapo ndipo njia zinapoachana. Viini vya uvimbe vikigeuka kahawia kwa ile rangi, kidonge kimoja kila siku, kwa miaka, kinaweza kuunyima uvimbe chakula chake. Vikibaki buluu, kidonge hicho ni peremende tu, na mgonjwa anatazamiwa njia fupi zaidi na ngumu zaidi.

Kwa Mwansa, vilibaki buluu. Mama huyu buluu, mama yule buluu. Mtu mwingine angejiuliza kulikoni. Mwansa hakuwa na mazoea ya kujiuliza. Mazoea yake yalikuwa kutangaza. Akatangaza kwamba wanawake wa huku wana saratani ya namna yao, kali, isiyosikia homoni, na kwamba yeye ndiye aliyeigundua. Akaipa na jina: Saratani ya Katanga. Jina likapendeza redioni.

Asubuhi moja ya mvua mama mmoja alipanda ngazi za maabara akiwa na kikapu. Hakungoja kukaribishwa, alivuta kiti, akaketi, akakausha uso kwa ncha ya kitenge.

"Docteur, miye njo Mapalo," alisema. "Natoka Sakania, nauzishaka samaki ya Zambie. Ule docteur wa Bel-Air alinitosha ziwa na kisu. Kisha aliniambia kansere yangu iko ya Katanga, haina dawa ya kidonge, nirudie kwetu nipange mambo yangu."

"Na umeyapanga?"

"Mambo yangu ilikuwa imepangwa mbele yee hajazaliwa." Akatoa kikapuni kikasha cha karatasi. Ndani yake mlikuwa na vioo vya hadubini na kipande cha nta. "Nilimuuliza vyangu, akanipa, juu alikuwa na haraka ya kwenda ku radio. Sasa unisikilize. Dada yangu wa tumbo moja alioleka ng'ambo, kule Zambie. Naye alipata kansere ya ziwa. Balimupatia kidonge, mpaka leo anauzisha chumvi na kutukana bantu. Miye niko huku, yee eko kule. Kansere ikifika ku douane ya mupaka, inabadilisha passeport?"

Edith alimtazama. Ulikuwa muda mrefu hajakutana na mtu wa dharau iliyoiva namna ile.

Aliweka kioo chini ya hadubini. Uvimbe ulikuwa buluu kweli. Akausukuma pembeni taratibu, akitafuta vijifereji vya maziwa vyenye afya, maana katika ziwa lolote havikosi. Hivyo ndivyo shahidi wa kipimo. Kijifereji chenye afya kina vipokezi siku zote; lazima baadhi ya viini vyake vigeuke kahawia. Shahidi akinyamaza, kesi imeharibika, na hakimu mwenye akili hatoi hukumu.

Shahidi alikuwa amenyamaza kabisa. Buluu kila mahali, kama anga.

"Mama Mapalo, walipolitoa lile ziwa, waliliweka wapi?"

"Ndani ya ndoo. Nilipolala pale kliniki nilikuwa naipita nikienda choo. Nzima nzima, haikukatwa. Ilikawia pale ku couloir mpaka nikaizoea sawa jirani."

Edith alifunga macho kidogo. Ziwa zima, limetumbukizwa katika ndoo kama muhogo wa kuloweka! Dawa ya kuhifadhi haipenyi pande kubwa namna ile. Lazima likatwe upesi, vipande vyembamba, dawa iingie. La sivyo nyama inaanza kuoza kutoka ndani, na vipokezi ndivyo vya kwanza kufa. Hilo hufundishwa kwa mwanafunzi asiyejua hata kufunga koti lake jeupe.

"Nipe siku chache," alisema. "Kile kipande cha sindano kiko hapa kwangu, kabatini. Hicho kilitiwa dawa saa ile ile."

Mapalo aliporudi, Edith alikuwa amemwandalia kiti. Alieleza kwa maneno ya kitaalamu, marefu, yaliyopangwa vizuri. Mapalo alisikiliza, akapiga mwayo.

"Docteur, hata weye unasema sawa yee. Iko ao haiko?"

"Iko," Edith alisema, na bila kutaka akajikuta anatabasamu. "Karibu viini vyote ni kahawia. Kidonge kinakufaa."

Mapalo hakulia, hakumshukuru Mungu kwa sauti. Aliweka mkono kifuani pale palipokuwa na ziwa. Akasema: "Yule muntu alinizika na mudomo."

Siku hiyo hiyo Edith alikwenda Bel-Air. Mwansa alimpokea kwa mikono miwili, akamwagizia kahawa.

"Edith, ma chère! Umekuja kuona sayansi inavyofanywa?"

"Nimekuja kuona vioo vyako."

Alimfungulia trei zote kwa fahari, kama mtu anayeonyesha picha za harusi. Edith alichukua kioo hapa, kioo pale. Alikuwa amekuja na maneno makali amekwisha kuyanoa; lakini kadiri alivyobadilisha vioo, maneno yalimkaukia. Kila alipokipata kijifereji chenye afya, kilikuwa buluu. Na kila kioo kilikuwa cha mwanamke aliyeambiwa akapange mambo yake.

"Alexis, vipimo hivi havisemi hasi. Havisemi kitu. Nyama ilioza ndooni kabla hujaigusa."

"Dawa zangu zinatoka Ulaya."

"Dawa zako ni nzuri. Hata uji wa Ulaya ukipikwa kwa maji ya mtaro ni maji ya mtaro."

Profesa alishusha kikombe. "Wivu si njia ya utafiti, ma chère. Samedi nawasilisha Saratani ya Katanga mbele ya wageni. Njoo uketi mbele, ujifunze."

"Ahirisha. Uwaite wale wanawake kwanza."

"Ukumbi umekwisha kulipiwa," alisema Mwansa, na kwake hilo lilitosha kuwa jibu la kisayansi.

Jumamosi ukumbi wa hoteli ulijaa. Madaktari walivaa suti, wake zao walivaa kupita suti. Mwansa alisimama mbele ya picha kubwa ukutani, buluu safi, akatandaza mikono. "Tazameni," alisema, "nyama isiyosikia lolote!" Wakapiga makofi. Edith, kiti cha mbele, aliwaza kwamba hakuna kitu kisichosikia lolote kuliko yule aliyesimama mbele ya picha.

Alikuwa amekusudia kusubiri muda wa maswali, aulize kwa adabu. Lakini kwenye mlango wa nyuma mama mmoja wa kitenge alikuwa amemshinda mlinzi kwa maneno, na sasa alikuwa anatembea katikati ya viti bila haraka.

"Profesa, bonjour," alisema Mapalo. "Unanikumbuka?"

"Mama, maswali ni baadaye."

"Miye haina swali. Miye njo ile kansere ya Katanga. Nilikuja kuangalia uso yangu mupya ku ukuta." Aliitazama ile picha. "Muzuri. Lakini docteur Lombe alipima nyama yangu yenye haikulala ndani ya ndoo, ikatoka kahawia. Waambie aba bantu juu ya ndoo."

Watu walicheka kidogo, kisha wakaacha. Edith akasimama.

"Profesa, picha hiyo ina kona ya kushoto. Ikuze, tafadhali. Kuna kijifereji chenye afya pale."

Mwansa hakugusa kitu. Kijana wa mitambo, akidhani ni ombi la kawaida, aliikuza. Kijifereji kikajaa ukuta mzima, buluu toka mdomo hadi mwisho. Kila aliyewahi kuinamia hadubini ukumbini aliona. Mtu mmoja nyuma akasema "Ah!" kwa sauti ndogo, kama aliyekanyaga msumari.

"Mabibi na mabwana," alisema Profesa Mwansa, "kahawa iko tayari."

Wakaenda. Wakala sambusa. Hakuna aliyemkemea, kwa kuwa wengi wao walikuwa wamenukuu ugunduzi wake.

Msiba wa watu kama Mwansa ni kwamba hawaanguki. Mwaka uliofuata alizunguka na hotuba mpya juu ya utunzaji wa nyama baada ya upasuaji, akiwaonya vijana dhidi ya ndoo kwa sauti nzito, kana kwamba ndoo ilibuniwa na mtu mwingine. Lakini Bel-Air sasa maziwa yaliyotolewa waliyakata vipande upesi, na Edith, hata akisaga meno, hakuweza kulilaumu hilo.

Wanawake wa vile vioo walianza kuja maabara kwa Edith. Kwa wengi, kipande cha sindano kilikuwapo, na kikawa kahawia. Kwa wengine hapakubaki kitu cha kupima. Kwa Julienne, muuguzi mstaafu, kipimo kizuri kilitoa jibu lile lile baya la kwanza. "Kumbe alisema kweli?" Julienne aliuliza. "Kama kipofu aliyerusha jiwe likampata ndege," Edith alijibu, na wakapanga matibabu mengine, yale magumu. Mapalo alirudi Sakania na vidonge vyake. Alipiga simu mara kwa mara kulalamika kwamba vinamuumiza magoti.

Kisha akaja Elisée, mwalimu wa hesabu. Mkewe Joëlle, mmoja wa wagonjwa wa Mwansa, alikuwa amezikwa kabla ya mkutano ule. Aliomba apimiwe kipande chake cha sindano kilichobaki kabatini.

"Haitabadilisha kitu," Edith alimwambia. "Una hakika unataka kujua?"

"Nataka."

Alipima. Siku Elisée aliporudi, Edith alitafuta namna ya kusema, akaona hakuna iliyo nzuri.

"Ilikuwa kahawia. Kidonge kingeweza kumsaidia. Siwezi kukuambia kingemponya. Nyama inaonyesha njia, haitaji siku."

Elisée aliitikia kwa kichwa, polepole, kama anayefuata hesabu ubaoni. "Alikuwa anataka kwenda kuuliza kwingine. Miye nilimukataza. Nilimwambia profesa hawezi kukosea."

Neno lolote la dharau ambalo Edith alikuwa nalo kwa Alexis Mwansa lilikuwa halina kazi pale. Alisogeza kiti karibu na hadubini, akarekebisha mwanga, akampisha.

Elisée aliinama akatazama. Akatazama muda mrefu sana, mikono imeshika meza.

"Kahawia iko mingi," alisema.

"Ndiyo," alisema Edith. "Ni mingi."