Binti wa Kazi wa Mama Tulia

Tusekile alirudi kijijini Suma na kabegi kamoja. Alikuwa ameondoka enzi ya ruksa, kaahidiwa kazi ya duka ng'ambo. Huko akafungiwa katika nyumba ya watu miaka minne, akifua na kupika bila mshahara, pasipoti ikiwa kabatini kwa tajiri. Mengine hakuyasema. Majirani waliyasema kwa niaba yake.

Mama yake zamani aliitwa mama Tusekile, kwa jina la mzaliwa wake wa kwanza. Maneno yalipoanza kuenea, watu wakamwita mama Tulia, kwa jina la mdogo mtu. Naye akaitika.

Siku moja akaja Doreen, msomi wa chuo, anayeandika habari za wanawake waliorudi. Alimwuliza Tusekile kama sasa anajiona yuko kwao.

"Rudi wiki ijayo, dada," Tusekile akasema. "Na mimi bado naangalia."

Jumamosi wakaja wakwe wa Tulia kutoka Mbeya mjini, kupanga mahari. Tusekile aliwanawisha, akapiga goti, akaandaa meza kama alivyofundishwa kwa kofi huko alikotoka. Shangazi wa bwana harusi akampenda.

"Mama Tulia, huyu binti wa kazi mmemtoa wapi? Wetu hata chai anaunguza."

Mama akapiga hesabu. Akisema ni mwanangu, watauliza alikuwa wapi.

"Ni mtoto wa watu huyo," akajibu. "Wa kijiji cha Matwebe huko."

"Basi tupatieni sisi. Sisi tunampa Tulia mume, nyie mtunyime hata msichana?"

Wote wakacheka. Mama naye akacheka.

Akamfuata Tusekile jikoni. "Mwanangu, ni maneno tu ya wageni. Wakiondoka yamekwisha."

Tusekile alikuwa anakausha mikono. "Kule walinifanya mtumishi, mama. Lakini hawakuwahi kusema sina mama." Akamtazama. "Nenda ukawaambie mimi ni nani. Ukiwaambia, nitabaki."

Mlango wa sebuleni ulikuwa wazi. Tulia amekaa na kitenge kipya, kichwa kainamisha, anatabasamu. Mahari imeshatajwa. Wewe mama unayesoma, usiharakishe kusema wewe usingefanya hivyo. Wanaotuchukulia mabinti tunawajua na tunawaogopa; siku ile hakuna aliyekuja kuchukua kwa nguvu. Mama aliinua sinia la mbalaga, ndizi zikifuka moshi, akawapelekea wageni, akawakaribisha wale zikiwa za moto.

Jioni Tusekile alipanda gari lao na kabegi kake, akakaa nyuma na mikungu ya ndizi waliyozawadiwa. Shangazi alimwuliza jina. Akasema aitwe lolote watakalo.

Wiki iliyofuata Doreen akarudi, viatu vimejaa tope.

"Shikamoo, mama Tusekile."

Siku nyingi hakuna aliyemwita hivyo. Mama akaangalia nyuma yake, jikoni, kulikokuwa kimya.

"Marahaba," akaitika. "Umemkosa. Ameshakujibu lile swali lako."