Wakia Tisa

Sindano ya mizani ilitetemeka, kisha ikatulia kwenye ratili kumi na tano na wakia tisa. Muuguzi Odile aliinama kuisoma tena, kwa kuwa alitamani asome kitu kingine. Juu ya bati la mizani, Hamidou hakulia. Mtoto wa umri wake, akilazwa uchi kwenye bati baridi, hupiga kelele mpaka majirani wasikie. Huyu alitazama dari tu.

Ilikuwa miaka ya vita. Mji wa Kindu ulikuwa umezingirwa. Aliyethubutu kwenda shambani huenda asirudi, na njaa ilikuwa imeshaingia kila nyumba. Katika ukumbi wa kanisa palifunguliwa kituo cha kuwapa maziwa watoto waliokonda. Mizani ya kilo ilikuwa imeporwa, basi wauguzi walitumia ya zamani iliyoachwa na wamisionari Waingereza, inayopima kwa ratili na wakia. Donatien, msimamizi wa kituo, alibandika amri yake ukutani: andika ratili, weka mkato wa desimali, andika wakia, kisha geuza kuwa kilo.

Odile alifuata. 15,9. Kilo saba na gramu mia mbili. Kwa urefu wa Hamidou, maziwa yalikuwa ya walio chini ya kilo saba na gramu mia moja.

"Amezidi kidogo, Mama Hamidou," alisema, macho sakafuni.

Sofia, mama wa mtoto, alimtazama kama aliyetukanwa. "Amezidi nini? Mutoto hana hata matako ya kukalia, na wewe unasema amezidi!" Akamfunga mgongoni, akashika njia ya mtoni, kurudi kwao Alunguli, ng'ambo ya pili.

Kesho yake aliletwa mtoto mwingine, wa urefu uleule, ambaye mashavu yake bado yalikuwa yamejaa. Sindano ilipita pale ilipokomea ya Hamidou, ikafika wakia kumi na nne. Odile aliandika 15,14, akageuza, akapata chini ya kilo saba. Mtoto akapewa maziwa.

Kalamu ilimganda mkononi. Mzito kaingia, mwepesi karudishwa! Alizipitia alama za mizani kwa ukucha, kutoka ratili moja hadi nyingine. Zilikuwa kumi na sita, si kumi. Wakia tisa zilikuwa nusu ratili na kidogo tu. Hamidou alikuwa chini ya kile kipimo tangu mwanzo.

"Sindano inakwenda mbele, hesabu inarudi nyuma," alimwambia Donatien. "Ratili ina wakia kumi na sita. Hatuwezi kuziandika baada ya mkato."

Donatien aliyahesabu makopo ya maziwa kwa macho. "Tukiwaita wote tuliowarudisha, watu watasema tunacheza na watoto wao. Na maziwa yenyewe hayatoshi. Tuendelee."

"Tuendelee kukosea?"

"Mama Odile, iko kazi inangoja."

Kilichomuuma Odile si Donatien peke yake. Macho yake yalikuwa yameziona mbavu za mtoto yule, na mdomo wake ukatii karatasi. Aliibandua ukutani, akaichana mbele ya msimamizi, akatoka.

Bandarini askari walimzuia; mto ulikuwa umefungwa tangu asubuhi ile. Hakuna kuvuka. Alirudi kesho yake, hakuna kuvuka. Mmoja alimuuliza anapeleka nini ng'ambo, akajibu, "Hesabu." Askari wakacheka mpaka wakashika matumbo, lakini hawakumruhusu. Mwishowe mpiga kasia mmoja alimpakia mbali na bandari, kwenye matete, akamvusha akiwa amelala sakafuni mwa mtumbwi.

Alimkuta Sofia akitwanga sombe, majani ya muhogo, mtoto mgongoni.

"Mizani tuliisoma vibaya," Odile alisema. "Mtoto anastahili maziwa."

"Mimi nilikuambia bila mizani."

Sofia aliweka mchi chini, wakavuka pamoja kwa mtumbwi uleule. Donatien aliwaona kwenye foleni, akageuza uso. Asubuhi yake karatasi nyingine ilikuwa ukutani, yenye hesabu sahihi, na hakuna aliyeieleza. Hamidou alipona. Odile aliwatafuta wengine waliorudishwa. Baadhi aliwapata. Kwingine alikuta milango iliyofungwa, na majirani wasiotaka kuulizwa.

Siku hizi Hamidou ni mchimbaji kule Kalima, na binti yake mchanga, Bénie, analelewa na Sofia. Kituo cha afya kiko karibu, mizani yake ni ya kilo, lakini Sofia hataki kuisikia. Mara ngapi Odile, ambaye nywele zake zimeshakuwa nyeupe, amekwenda kumsihi ampeleke mtoto akapimwe, na kila mara amerudishwa kwa salamu nzuri na chai! Inamkera kuliko anavyoweza kusema. Kosa lililorekebishwa kwa karatasi moja limekaa ndani ya mtu mmoja miaka yote hii, na hakuna hesabu ya kulitoa.

Safari hii alikaa tu kwenye kiti, mikono mitupu. "Sikuja kupima, Mama Hamidou."

Sofia alimtazama sana, kisha akamwekea mtoto mapajani.

Odile alimpokea. Moyo wake ukashtuka kabla mikono haijamaliza kumshika.

"Unamuonaje?" Sofia aliuliza.

Angeweza kusema mengi. "Mwepesi," alisema.

Nje pikipiki ilipita, na mlio wake ukafifia. Sofia alijifuta mikono kwenye kitenge, taratibu, kidole kwa kidole.

"Hata mimi naona vile," alisema. Akasimama, akatafuta kandambili zake. "Twende. Lakini leo mutanifundisha kuisoma ile mashine, mimi mwenyewe. Mbele ya wote."