Salamu za Mzee Clem

Watu wakinikuta sokoni hapa Canberra hunipongeza. "Bron, wewe ndiye uliyemtoa Darcy Hosking!" Nacheka tu, naendelea kuchagua vitunguu. Nilimtoa, ndiyo. Lakini namna nilivyomtoa imenikwama kooni hadi leo.

Nilikuwa afisa wa ubalozi wetu katika nchi ambayo sitaitaja, maana bado wapo wenzetu waliofungwa huko. Darcy alikuwa fundi wa visima kutoka Broken Hill, mji wa migodi huko kwetu, mrefu, mdomo mchafu, roho safi. Walimkuta na ramani ya visima ambavyo serikali ileile ilimwajiri achimbe, wakasema ni jasusi. Walimkamata pamoja na mkalimani wake, Nazira, mwanamke wa hukohuko, mama wa watoto wawili. Mimi nilikabidhiwa Darcy. Nazira hakuwa raia wetu, kwa hiyo hakuwa kazi yangu. Niliisema sentensi hiyo mara nyingi mno miaka ile.

Nilimwona mara moja kwa mwezi, nusu saa, mlinzi ameketi katikati yetu. Kuzungumzia kesi ilikuwa marufuku. Tuliruhusiwa afya, chakula na salamu za nyumbani, basi. Kila mwezi dada yake, Noeline, alinitumia karatasi moja, mlinzi akaikagua, nami nikaisoma kwa sauti: mvua imenyesha au haijanyesha, nani kaoa, kifua cha Mzee Clem kinaendeleaje.

Mzee Clem, baba yao, alikuwa mchimba madini mstaafu na mtu wa chama cha wafanyakazi hadi kwenye mifupa. Katika mji ule, aliyewasaliti wenzake wakati wa mgomo hutengwa: hasalimiwi, hanunuliwi bia, na hata wajukuu zake wataulizwa habari hiyo. Darcy alilelewa kwenye nyumba ya namna hiyo, akampenda baba yake na kumwogopa kwa kipimo kimoja.

Mwezi wa saba Noeline alinipigia simu.

"Baba katutoka, Bron. Kifua. Usimwambie Darcy."

"Noeline, ni haki yake kujua."

"Haki gani, na yuko peke yake mle ndani? Atajidhuru. Mwambie Baba anamsalimu. Nakuomba, dada yangu."

Nilikubali, na nilikubali upesi kwa sababu hata mimi sikutaka kuwa mtu wa kumpa habari ile. Ziara iliyofuata nikasoma: "Mzee anakusalimu. Anasema nyanya zake zimekauka."

"Zitaachaje kukauka? Anazimwagilia bia yule," alisema Darcy, akacheka hadi mlinzi akamkemea. Nikacheka naye. Kwa miezi mitano nilimpelekea salamu za marehemu, na kila mwezi nilizidi kuwa fundi.

Ndipo wakubwa wetu, baada ya kuhangaika kwa miaka miwili, wakapata mwanya. Wale jamaa wangemwachia kwa karatasi moja tu: akiri kwamba ramani za siri aliletewa na Nazira. Akitia saini, wiki mbili hazipiti yuko kwao. Kwa siku moja marufuku ya kuzungumzia kesi ililegezwa, nikaruhusiwa kumsomea.

"Na Nazira?" aliuliza.

"Hilo liko mikononi mwao."

"Bron, usinizungushe. Nazira atakuwaje?"

"Sisi tunashughulikia raia wetu, Darcy."

Akaisukuma karatasi. "Ramani nilipewa ofisini kwao, mezani, na chai nikanywa. Nazira hata hakuwepo. Muulize Baba. Yeye akisema nitie saini, nitatia. Mwingine yeyote, hata waziri mkuu, aende zake."

Nilimpigia Noeline. Alilia, kisha akasema, "Mwambie Baba amesema atie."

"Baba yako angesema hivyo?"

"Angemtemea mate. Lakini mimi nimebakiwa na ndugu mmoja, Bron. Wewe unao wangapi?"

Nilimweleza bosi wangu yote. Hakuinua hata macho. "Salamu ni za familia," alisema. "Wewe ni msomaji tu." Nililishika neno hilo kwa mikono miwili, kwa sababu nilimtaka Darcy nje, nilikuwa nimechoka, na Nazira sikuwahi kumwona uso.

Ziara iliyofuata nikasoma: "Mzee Clem anakusalimu. Anasema tia saini, mwanangu, urudi nyumbani."

Darcy alinikazia macho. "Kasema mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Akafunika uso kwa viganja, akalia. Sikuwahi kumwona akilia. "Kazeeka, basi," alisema. "Baba kazeeka." Akaomba kalamu.

Nilisafiri naye hadi Broken Hill. Kwenye uwanja wa ndege palikuwa na kamera na maua, na mkubwa mmoja akampa mkono mara tatu ili wapiga picha waridhike. Darcy alikuwa akitazama juu ya vichwa vya watu, akimtafuta mtu mmoja. Noeline alisubiri tufike nyumbani, akamkalisha jikoni, akamwambia.

"Lini?" aliuliza Darcy.

"Mwezi wa saba."

Alihesabu kwa vidole vyake polepole. Alipomaliza hakumtazama dada yake. Alinitazama mimi.

"Tangu siku ile nimemdharau," alisema. "Unajua hilo? Nililala kwenye godoro lile nikisema kumbe na yeye alikuwa wa maneno tu, likija la mwanawe anauza mtu kama wengine. Ndani ya ndege nilikuwa napanga namna ya kumwambia usoni."

"Darcy, nilidhani..."

"Nazira kapewa miaka mingapi?"

Nilijua jibu. Lilikuwa kwenye taarifa ya ubalozi ya wiki ile, mstari mmoja, ukurasa wa mwisho.

"Kumi na miwili."

"Nani anakwenda kumwona?"

"Sijui. Sisi haturuhusiwi."

Noeline alianza kulia. Darcy alisimama, akanifungulia mlango wa nyumba ya baba yake, akaushikilia wazi hadi nikapita. Nilipofika barabarani niligeuka nimuage. Hakuitikia.