Sungura Aliyengojwa Alie

Kila asubuhi, kabla ya kubeba kikapu kwenda kuchuma chai, Rodah aliinama penye kizimba cha sungura wake jike na kutega sikio. Sungura alitafuna majani, kimya.

"Bado hajalia?" mumewe Johana aliuliza kutoka zizini.

"Bado."

Kwao Sosiot, ng'ombe akiwa kwenye joto hulia mpaka watu wa ng'ambo ya bonde wakajua, ndipo daktari wa mifugo hupigiwa simu aje na mbegu za kumpandisha. Rodah alikua akiyaona hayo. Kwa hiyo alipoazima dume la sungura kwa jirani yao Thuo, muuza mboga wa sokoni, alimweka kwenye kizimba cha peke yake, akangoja jike alie. Wiki zikapita.

"Huyo ni tasa," Johana akasema. "Jumamosi dume anarudi kwa mwenyewe. Jumapili tuna wageni wa kanisa, na jike anaingia sufuriani."

Neno lile la tasa lilimchoma Rodah. Yeye mwenyewe aliitwa hivyo miaka mingi, kabla Mungu hajampa Aron. Johana aliuona uso wake. Lakini neno lake hakulirudisha.

Ijumaa jioni, kwenye darasa la watu wazima katika ukumbi wa kanisa, Mwalimu Esnah alifundisha uzazi wa wanyama. Rodah akainua mkono.

"Mwalimu, sungura akitaka dume hulia vipi?"

Darasa zima lilicheka mpaka mabenchi yakatikisika. Esnah naye alicheka, kisha akafuta macho.

"Halii, mama. Yai la ng'ombe hutoka kwa zamu yake, dume awepo asiwepo. La mwanamke pia. Lakini la sungura hungoja. Akishapandwa, ubongo hupeleka habari mwilini, na saa kadhaa baadaye mayai hutoka. Paka yuko hivyo, na ngamia. Mpeleke jike kwenye kizimba cha dume. Ukimpeleka dume kwake, jike atamfukuza."

Rodah alirudi nyumbani akiomba njiani. Kumbe si tasa, Baba. Kumbe ni mimi niliyemnyima. Nipe kesho tu.

Asubuhi Thuo alifika na katoni ya kumbebea dume wake. "Mama Aron, dume langu amekaa kwako kama mgeni asiyepewa hata chai!"

"Kunywa wewe kwanza, Baba Shirley," Rodah akasema, akamwekea kikombe mkononi. Kisha akambeba jike na kumtia kwenye kizimba cha dume.

Haikuchukua muda. Dume alimpanda, akatoa mlio mmoja, akaanguka ubavu, pu!

"Umemuua!" Thuo akaruka, chai ikamwagika. Dume akainuka taratibu, akajipangusa masharubu. Johana alicheka mpaka akashika nguzo ya zizi.

"Haya, haya," akasema. "Mwache jike. Kesho tutachinja kuku."

Mwezi mmoja baadaye, asubuhi ya manyunyu, Rodah alikuta jike amejinyonyoa manyoya ya kifuani na kuyarundika pembeni. Rundo lilikuwa likipumua. Hakuligusa. Alipiga magoti papo hapo kwenye matope, kikapu kikiwa mgongoni, akaomba kwa neno moja tu: asante.

Johana alipita na mzigo wa nyasi za ng'ombe. Akachungulia. Akachagua nyasi zilizo laini, akazipenyeza kizimbani.

"Kula," akamwambia sungura kwa sauti ya chini. "Kula, mama watoto."