Sababu Niliyomficha Galen

Ofisi ya elimu ilitupa hadi Ijumaa. Tulete sahihi ya mwalimu mwenye leseni kuthibitisha kwamba watoto wetu wanasoma, la sivyo tukutane mahakamani. Huku Iowa, Marekani, mwaka ule wa 1986, waliofundisha watoto nyumbani walikuwa wachache, na walimu wa kuwasainia wachache zaidi. Kwetu alibaki mmoja tu: mama mkwe wangu, Verna, aliyefundisha miaka ishirini na tisa katika shule ileile tuliyowatoa watoto. Tangu tuwatoe, hakuwa amekanyaga kwetu.

Alikuja Jumanne asubuhi. Kahawa hakuigusa.

"Haya, nipeni sababu."

Mume wangu Galen alifungua Biblia. "Mama, Kumbukumbu la Torati, sura ya sita. Mungu ametuagiza sisi wazazi tuwafundishe watoto, tuketipo nyumbani, tutembeapo njiani..."

"Mimi ndiye niliyekukaririsha huo mstari, Galen. Na shule nilikupeleka. Ulirudi mpagani?"

Verna akawaita watoto. Tabitha, wa miaka saba, alisoma kama maji. Ikaja zamu ya Lyle, wa miaka kumi. Akakwama neno la tatu, akarudi nyuma, akakwama tena. Masikio yalimwiva kwa aibu.

"Nendeni mkacheze." Mlango ulipofungwa, Verna aliisukuma fomu ya ofisi ya elimu. "Huyu mtoto hajui kusoma. Mnataka nimdanganye nani?"

Galen alisimama. "Kama hutaki, sema hutaki! Usimsingizie mwanangu."

"Kaa chini. Mimi si wale wenzako wa kanisani wa kukuitikia amina kila ukifungua mdomo."

"Hata huko shule alikuwa hivyo, Mama," nilisema. "Siku moja nilimpelekea glavu alizosahau. Nikamkuta kwenye korido peke yake, dawati limegeuziwa ukutani. Alikuwa akiwekwa hapo wiki sita, kila kipindi cha kusoma, eti anawachelewesha wenzake. Alilia nisimwambie baba yake, wala wewe."

Galen alinigeukia taratibu. "Rosalie. Ulisimama kanisani ukashuhudia kwamba Mungu amekugusa tuwatoe watoto shule."

"Alinigusa. Mwaka mzima nilikuwa nakukatalia kuwafundisha nyumbani, kwa woga, nikijiona siwezi. Siku ile nikajua kwamba habari za Lyle Mungu hatamuuliza mwalimu. Ataniuliza mimi."

Verna alikuwa ameshika ukingo wa meza. "Nilikuwa nampita," alisema. "Kila asubuhi. Nilidhani ni utundu. Nilikuwa namkonyeza, halafu naenda zangu."

Alivuta fomu, akaandika kwa mwandiko wake wa ubaoni: *Lyle yuko nyuma miaka miwili. Nitamfundisha mwenyewe, Jumanne na Alhamisi.* Akatia sahihi.

"Ukiandika hivyo watatuita!" Galen alisema.

"Na watuite. Nitakwenda mimi."

Walituita kweli, mwezi Machi. Verna alikwenda amevaa gauni lake la Pasaka, akawaeleza habari za korido bila kujiondoa lawamani yeye mwenyewe. Wakatupa hadi Juni, Lyle aonyeshe maendeleo.

Baada ya Jumanne ile, Galen alikaa wiki nzima ananijibu ndiyo na hapana tu. Kisha akamchukua Lyle wakarekebishe uzio, akamuuliza mwenyewe. Alirudi macho mekundu. "Usinifiche tena kitu kama hiki," akasema.

Juni ilipofika Lyle bado alisoma polepole, kidole chini ya mstari, lakini alifika mwisho wa ukurasa. Ofisi ikatuongezea mwaka.