Kabla ya Picha ya Nyonga

Watu wakiniita nesi huwa nanyamaza, lakini mama yule aliponiita "we nesi" nilimchukia palepale. Mimi Alinanuswe ni mtaalamu wa mionzi, na kabla sijampiga mwanamke picha ya nyonga lazima nimuulize kama ana mimba. Mionzi haimfai mtoto aliye tumboni.

Mama huyo alitoka kijiji cha Kalenga na mkwewe, Yusta, aliyeteleza na ndoo ya maji akaangukia kiuno. Nikamuuliza Yusta siku zake kaziona lini. Mama akadakia.

"Hana mimba huyo. Tumbo lake halishiki kitu. Piga picha tuondoke."

"Nimemuuliza yeye."

"Nimemleta mimi." Akasoma jina langu kifuani. "Ninyi watu wa Mbeya hamjafundwa?"

"Tumefundwa kufunga mlango," nikasema, nikaufunga akiwa nje.

Yusta akaninong'oneza. "Dada, ninayo. Miezi miwili. Hata mume wangu sijamwambia, asije akamwambia mama yake. Mimba mbili zimeshatoka. Kila huyo mama akijua nina mimba ananikorogea uji, mchungu, na anakaa mpaka niumalize. Anataka mwanawe aoe binti wa shoga yake. Akiijua na hii, imekwenda."

Kikulacho ki nguoni mwako, hilo nalijua, lakini si mpaka kwenye bakuli. Hasira ilinipanda. Nikazima mashine, nikatoka naye.

"Mashine imegoma," nikamwambia mama. "Tunarudi kwa daktari."

"Imegoma vipi? Mbona aliyetangulia katoka na picha yake?"

Akaugeukia mlango wangu kuukagua. Bango lipo pale: mwenye mimba aseme kabla ya kupigwa picha. Alilisoma polepole, midomo ikicheza. Nami nimesimama tu, mjinga mkubwa, bango nimelibandika mwenyewe.

Alipotugeukia alikuwa anatabasamu. Sauti imelainika mpaka nikatamani kumzaba kofi.

"Kumbe, mwanangu. Daktari wa nini tena? Twende nyumbani, nikakukorogee uji upate nguvu."

Akamshika mkono. Wagonjwa wote wa kwenye benchi walikuwa wanatutazama. Yusta akauchomoa mkono wake, akarudi nyuma mpaka mgongo wake ukanigusa.

"Uji wako nimeshaunywa mara mbili, mama," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka dirisha la dawa. "Huu wa tatu kunywa wewe."