Gia Iliyobaki

Mkono wa gia ulilegea mkononi mwa Honorata kama jino linalotaka kung'oka. Aliusukuma mbele, ukaenda. Akauvuta nyuma, ukaja. Injini ilinguruma, lakini pikapu ilisimama palepale, kisha ikaanza kuteremka taratibu kuelekea walikotoka.

Alikanyaga breki, akavuta hendibreki, akazima injini.

"Tata Bestre," aliita kupitia dirisha la nyuma. "Umemshika?"

"Nimemshika. Yeye ndiye hajanishika mimi." Mzee Silvestre, ambaye wote walimwita Tata Bestre, mtunza kanisa dogo la Dagaman, alikuwa amekaa nyuma ya pikapu, amemkumbatia Mtakatifu Isidro kiunoni. "Mbona tunarudi?"

"Haturudi. Tumesimama. Shuka utie jiwe kwenye gurudumu."

Mzee alishuka, akatia jiwe, kisha akamtazama mtakatifu kana kwamba alitaka kumwomba radhi. Isidro wa Dagaman alikuwa sanamu ya mti, kimo cha mtoto wa miaka saba, amevaa kofia ya ukindu kama mkulima yeyote wa kule juu. Kila mwaka aliteremshwa hadi kanisa la parokia bondeni, akapakwa rangi mahali palipobanduka, akabarikiwa, kisha akarudishwa asubuhi ya sikukuu yake, katikati ya Mei, kabla mvua za kupandia hazijakaza. Kwa miaka ishirini na miwili aliyemrudisha alikuwa Ambrosio, mume wa Honorata, kwa pikapu hii hii.

Ambrosio alizikwa Agosti. Kwenye kikao cha Machi wanaume walisema labda sasa kazi hiyo iende kwa Delfin, mwenye lori jipya. Honorata alisimama. Hakuwa mtu wa kusimama vikaoni. "Gari lipo," alisema, "na dereva yupo." Wakamwachia, kwa sharti lile la zamani: gari linaloingia Dagaman na mtakatifu ndilo litakalomchukua miaka inayofuata. Akihamishiwa gari jingine njiani, heshima inahama naye.

Honorata alitandika gunia, akajilaza chini ya gari. Miaka mingi alikuwa amemshikia Ambrosio tochi chini ya chuma hiki, na mtu anayeshika tochi huona kila kitu. Alifungua kizibo cha pembeni cha giaboksi kwa spana, akachovya kidole. Oili ilikuwa nyeusi, na ndani yake punje za chuma zilimeta kama chumvi. Akazisugua kwa dole gumba.

"Imejitafuna," alisema alipotoka. "Kile chuma cha kusukuma gia ya kwanza na ya pili kimekatika. Hizo mbili hatunazo tena."

"Tuna ngapi?"

"Ya tatu na ya nne. Ya mlima hakuna hata moja."

Alijaribu ya tatu hata hivyo. Injini ilikohoa mara mbili, ikafa. Zilibaki kilomita tatu, zote za kupanda, na katikati yake ile kona waliyoiita Kiwiko. Ilikuwa saa mbili na nusu. Padri alikuja Dagaman mara nne tu kwa mwaka, na misa ya leo ilikuwa saa nne.

Lori la Delfin lilitokea chini, limejaa viti vya plastiki. Likasimama. Delfin alitoa kichwa dirishani, akamsalimu kwa heshima ya dada mkubwa.

"Manang Onor. Mmepumzika?"

"Tunatazama mandhari."

"Gari hilo si nilisema liende likapumzike na mwenyewe?"

Honorata alipangusa mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Delfin alishuka, akavua kofia.

"Nisamehe, Manang. Mdomo umenitangulia. Haya, mleteni mtakatifu huku. Nina nafasi kati ya viti."

"Kati ya viti na spika za karaoke," alisema Mzee Bestre.

"Amesikia mabaya kuliko hayo, Tata. Amewasikia nyinyi mkiimba."

Honorata aliingia garini. Aliutafuta upande wa mwisho wa mkono wa gia, kule kulia na chini, akausukuma. Kitu kilishika. Aliachia klachi unywele mmoja tu, na pikapu ikavuta nyuma kwa nguvu, ikitaka kwenda. Rivasi ilikuwa nzima, na rivasi ni fupi na nzito kama gia ya kwanza. Alikaa kidogo, mkono kifuani, akaomba maneno mawili.

"Delfin, rudi chini mita ishirini. Nataka ile njia ya kupakilia kabichi."

"Ugeuze urudi bondeni?"

"Nigeuze nipande."

Wanaume wawili walitazamana.

"Kinyumenyume?" aliuliza Delfin. "Hadi juu? Manang, Kiwiko kuna watu wanakishindwa wakitazama mbele."

Wote wawili walifanya biashara ya kabichi, lakini Delfin alizinunua zikiwa zimeshafikishwa barabarani kwa mabega ya watu. Honorata alizifuata shambani. Njia za mashamba yale hazikuwa na pa kugeuzia, upande mmoja ukuta wa mawe, upande wa pili hewa tupu, na tangu Agosti alikuwa akiingia kinyumenyume mara mbili kwa wiki. Katika mwezi wake wa kwanza aligonga ukuta mara sita. Baada ya hapo hakugonga tena.

Aliachia breki, akateremka hadi njia ya kabichi, akaingiza mkia wa gari humo. Kisha akauacha mteremko umtoe nje, pua ikitazama bonde. Sasa pikapu na lori vilitazamana uso kwa uso.

"Panda, Tata. Wewe ndiye macho yangu. Kofia ya mtakatifu inaniziba."

Wakaanza. Rivasi ilipiga mluzi mwembamba usiokoma. Honorata aligeuza shingo juu ya bega la kulia, akakaza macho kwenye kile kipande cha barabara kilichoonekana kando ya kofia. Lori lilimfuata, boneti kwa boneti, na kila alipotazama mbele kidogo alimwona Delfin nyuma ya kioo, amekunja uso kama mtu aliyekaa na mgonjwa.

"Kulia," alisema Mzee Bestre. "Kulia kidogo. Kulia kwako, si kwangu."

"Wewe umeangalia wapi?"

"Anakoangalia yeye. Kule juu."

Mara mbili walisimama injini ipoe, wakaongeza maji kwenye rejeta. Kiwiko kiliwapokea kwa kokoto mbichi zilizoporomoka wiki ile. Gurudumu la nyuma lilizunguka bure, likachimba, na pikapu ikateleza nusu mita kuelekea lori. Mzee Bestre alianza kusali kwa sauti.

Delfin angeweza kungoja tu. Honorata akishindwa hapo, mtakatifu ni wa Delfin. Lakini mlango wa lori ulifunguliwa, Delfin akaruka chini na jiwe la ukubwa wa chungu, akalisukumiza mbele ya gurudumu la mbele.

"Usinitazame mimi, Manang. Tazama njia."

Honorata aliachia klachi. Pikapu ilipanda hatua moja. Delfin akasogeza jiwe. Hatua nyingine, akasogeza. Walizunguka kona yote hivyo, yeye ameinama baina ya magari mawili, shati limelowa, huku ukingo wa barabara ukimwaga mchanga kwenye hewa.

Saa nne kasoro dakika kumi waliziona nyumba za kwanza. Watu walikuwa wamejipanga kando ya barabara kama kila mwaka, wakingoja gari lipite ndipo wauone uso, kwa kuwa Isidro hufungwa akiwatazama wanaofuata nyuma. Hivyo ndivyo ilivyokuwa siku zote. Aliingia kwao akiwapa kisogo. Leo uso ulitangulia, rangi mpya mashavuni, ukiwajia polepole.

Bibi mmoja alishika ukingo wa kilemba chake.

"Leo anatutazama," alisema.

"Ndiyo," alijibu Mzee Bestre kutoka juu. "Jinyoosheni."

Honorata alisikia. Kitu kilimpanda kifuani, kikubwa na cha moto, naye alijua jina lake na alijua ni dhambi. Aliamua kukiungama Jumamosi. Leo alikiacha kikae.

Wakati wa misa walimweka benchi la mbele, mahali pa Ambrosio. Delfin alipita na viti viwili mkononi, akauliza bila kusimama, "Giaboksi utaifungua lini? Nina jeki kubwa kuliko yako."

"Jumatatu."

"Nitakuja."

Padri alianza. Honorata alitaka kutazama altare, lakini shingo ilikuwa imekaza upande wa kulia na haikukubali kurudi. Akaiacha. Wengine wote walitazama mbele; yeye peke yake, juu ya bega, aliutazama mlango uliokuwa wazi, na nje ya mlango pikapu, pua bondeni. Wanawake wa jikoni walikuwa wamepanga juu ya boneti yenye joto keki zao za mchele, bado zimefungwa kwa majani ya mgomba, zisipoe.